Kifafa cha ukubwani kinachoanzia kidole gumba, na zile punje za homeopathia: chanzo ni nini?

#1 Mhudumu_Nyalenda
Hamjambo wanajukwaa. Naleta jambo la jirani, kwa ruhusa yake na bila jina. Mwanamume wa miaka 31, mzaliwa wa upande wa Nambale kule Busia, siku hizi anaishi Nyalenda hapa Kisumu. Tangu Machi ameanguka mara tano. Kila mara huanza vilevile: kidole gumba cha mkono wa kulia kinajikunja ndani ya ngumi, mkono unatukutika, mdomo unavutwa upande huohuo, kisha anakakamaa mwili mzima na fahamu zinapotea. Dakika mbili hivi, halafu usingizi mzito.

Zahanati ilimpa fenobabito, dawa ya kifafa, tembe za miligramu 30, mbili usiku. Mwezi jana akaletewa kichupa cha punje nyeupe tamu za homeopathia (tiba ya kitu kilichopunguzwa mara nyingi mno) kilichoandikwa Cuprum metallicum 200C, yaani shaba, punje nne asubuhi na jioni, akaambiwa fenobabito aiache kabisa. Akaiacha. Wiki mbili za kwanza hakuanguka, na sasa nyumba nzima inaamini punje. Nauliza mawili: kifafa cha namna hii kinachoanza mtu akiwa mzima hutoka wapi? Na je, ni punje zilizomtuliza?

#2 Dozi_Kamili
Nianze na la pili kwa sababu ndilo la haraka. Fenobabito haitoki mwilini upesi kama dawa ya kichwa. Kwa mtu mzima, nusu yake huchukua siku tatu hadi nne kwisha, kisha nusu ya iliyobaki siku nyingine tatu hadi nne, na kuendelea hivyo. Akimeza tembe ya mwisho Jumapili, wiki mbili baadaye mabaki bado yamo damuni. Kwa hiyo zile wiki mbili za utulivu alikuwa akilindwa na dawa ambayo yeye anadhani aliiacha.

Hatari huja inapokwisha. Ubongo uliozoea kutulizwa unaachwa peke yake ghafla, na mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati. Hali hiyo inaua. Arudi zahanati leo, wala asimeze tembe nne kwa pamoja kufidia siku zilizopita.

Jambo lingine: miligramu 60 ni dozi ya kuanzia tu. Mtu mzima hupandishwa polepole, na wengine hufika 180. Kuanguka akiwa kwenye 60 si dalili kwamba dawa imeshindwa. Na kila ikipandishwa, subirini wiki mbili hadi tatu ndipo mhukumu, kwa sababu inavyochelewa kutoka ndivyo inavyochelewa kujaa.

#3 Punje_na_Tone (Nakuru)
Salamu kutoka Section 58. Homeopathia ndiyo kazi yangu, na nakubaliana na #2 kuhusu kuacha ghafla: aliyemwambia hivyo amekosea vibaya. Lakini Cuprum haikuchaguliwa ovyo. Vitabu vyetu vinaiweka kwenye mikakamao inayoanzia vidole vya mikono au miguu, gumba likiwa limefungwa ndani ya ngumi. Angekuwa anapinda shingo na mgongo kwenda nyuma, hasa baada ya kugongwa kichwa, tungeangalia Cicuta virosa. Kama humjia usingizini, au mwanamke wakati wa hedhi, Bufo. Mitukutiko mifupi inayofuatana baada ya mtu kutishwa, Artemisia vulgaris. Tunamtazama mtu na namna yake ya kuugua, si jina la ugonjwa. Kichupa kuletwa na mtu ambaye hakukaa na mgonjwa hata saa moja kumuuliza usingizi, kiu, hofu na historia yake, hiyo si kazi tunayofundishwa.

#4 BwanaMifugo_Busia
Mulembe. Nambale umesema? Basi chunguzeni tegu wa nguruwe, Taenia solium, kabla ya mengine. Huku nguruwe wengi hufungwa kamba msimu wa mazao na kuachiliwa mavuno yakiisha. Pale ambapo boma halina choo, nguruwe hula kinyesi cha watu pamoja na mayai ya tegu, na nyama yake huota malengelenge meupe kama chembe za wali. Wanunuzi huulaza mnyama, huvuta ulimi na kupapasa chini yake. Ni kipimo kizuri kwa kukataa nguruwe aliyejaa, ila ulimi safi hauthibitishi kitu: mwenye malengelenge machache hupita.

Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, lengelenge likifika ubongoni huwa chanzo cha kifafa. Na huanza ukubwani, hata miaka mingi baada ya kuambukizwa.

#5 Soko_Kibuye
#4, basi asiyekula nguruwe yuko salama? Kuna familia za Kiislamu zenye kifafa pia.

#6 Kipimo_Eldoret
Hapana, na bwana mifugo ameruka hatua moja ambayo ndiyo yenye uzito wote. Nyama yenye malengelenge humpa mlaji tegu *tumboni*, ambaye pengine hatamsumbua sana. Tegu huyo hutoa mayai yanayotoka na choo. Malengelenge ya ubongoni hutokana na kumeza *mayai*: mikono ya mpishi mwenye tegu, sukuma wiki au nyanya zisizooshwa vizuri, maji ya kisima kilicho karibu na kichaka kinachotumika kama choo. Kwa hiyo asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata akila chakula kilichoandaliwa na mwenye tegu. Kuivisha nyama hukata njia ya kwanza. Ya pili hukatwa na choo na sabuni.

Sasa niende kwenye gumba, kwa sababu #3 ameligusa nami nalisoma tofauti. Karne ya 19 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson aliona kwamba kifafa cha upande mmoja hupenda kuanzia gumba na kidole cha shahada, pembe ya mdomo, au dole kubwa la mguu. Sehemu ya ubongo inayoongoza gumba ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na udogo wa kidole chenyewe, na imepakana na ya uso. Ndiyo maana umeme ukianza pale hutambaa: gumba, mkono, mdomo, kisha ubongo mzima. Upande wa kulia wa mwili huongozwa na kushoto kwa ubongo. Kwa hiyo jirani wa #1 ana kifafa cha *sehemu moja* kinachosambaa baadaye, na mahali penyewe ni kushoto, juu ya sikio. Hapo panahitaji picha.

Mhudumu, uliza pia: akizinduka, mkono wa kulia hubaki umelegea kwa dakika au saa kadhaa? Hilo likiwepo, linaunga mkono zaidi.

#7 BwanaMifugo_Busia
Nimekubali marekebisho ya #6. Niliunganisha hatua mbili.

#8 Kofia_Ngumu
Wakuu, mmekimbilia minyoo na hamjauliza kama amewahi kuanguka kwa bodaboda. Mfupa wa fuvu kuvunjika, damu kuvuja ndani, au kuzimia muda mrefu, vyote hivyo huacha kovu, na kovu linaweza kuanza kurusha umeme miezi au miaka baadaye. Mtukutiko ndani ya wiki ya kwanza ya ajali ni jambo jingine, huo hautoshi kuitwa kifafa. Unaokuja mwaka wa pili au wa tatu ndio wa kuhofia. Kovu la kushoto lingetoa gumba la kulia vilevile.

#9 Nyakwar_Ahero
Na malaria je? Kanda hii ya ziwa mtoto anayepatwa na malaria ya ubongo, akazimia na kutukutika, anaweza kupona homa akabaki na ndulme, yaani kifafa. Pia nimesikia wale inzi wa mtoni wanaoleta upofu huleta kifafa, kama watoto wa kaskazini mwa Uganda wanaotikisa vichwa. Mito yetu si inao?

#10 Maji_ya_Kuja
Omera, kuhusu inzi umechelewa miaka sabini hivi. Upofu wa mtoni ulikuwepo Nyanza na Uluhyani, lakini katika miaka ya 1940 na 1950 mito ilitiwa DDT, kuanzia bonde la Kodera, na usubi wa huku, Simulium neavei, akatoweka. Mabuu yake yalikuwa yakijishikiza kwenye kaa wa mtoni, ndiyo maana ilichukua muda kuyagundua. Uganda, Sudan Kusini na Mahenge kule Tanzania ni kweli kuna uhusiano kati ya maambukizi hayo na kifafa cha watoto. Kwa mzaliwa wa Nambale mwenye miaka 31, ondoa.

La malaria ya ubongo nakubaliana nawe. Ila tusiichanganye na degedege ya homa ya kawaida. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akitukutika mara moja kwa sababu ya homa, mwili mzima, chini ya dakika 15, na isijirudie siku hiyo, mara nyingi haachi kifafa. Ya kutilia shaka ni iliyodumu nusu saa, iliyoshika upande mmoja, au iliyomwacha mtoto amezimia.

#11 Hesabu_za_Maabara
Nirudi kwenye kichupa. 200C maana yake nini? Chukua sehemu moja ya shaba, changanya na 99 za sukari ya maziwa au kileo. Toa sehemu moja ya mchanganyiko huo, weka kwenye 99 nyingine, tikisa. Rudia mara 200. Kwa hesabu ya kemia, ukifika mara ya 12 tayari umevuka kiwango ambacho ungeweza kutarajia chembe hata moja ya shaba kubaki. Zilizosalia ni mara 188 za kuchanganya sukari na sukari. Ndani ya punje zile hakuna Cuprum.

Chimbuko lake linahusu hata sisi wa kanda ya malaria. Mwaka 1790 daktari Mjerumani Samuel Hahnemann alikula gome la mkwinini akiwa mzima, akahisi kama ana homa ya vipindi, akahitimisha kwamba kinacholeta dalili kwa mzima huzitibu kwa mgonjwa. Tunajua leo kwamba kwinini hutibu malaria kwa kuua vimelea, na kwa dozi inayopimika kwa miligramu.

#12 Punje_na_Tone (Nakuru)
#11, hakuna mwenzetu anayedai shaba imebaki. Tunasema kutikisa huacha alama kwenye kiyeyushi. Na wapo wagonjwa wanaoanguka mara chache zaidi wakitumia punje pamoja na dawa ya hospitali. Huwezi kuwaambia hawaoni wanachokiona.

#13 Hesabu_za_Maabara
Wanachokiona ni kweli, ninachobishia ni sababu. Kifafa huja kwa makundi: wiki mbaya, kisha mwezi mtulivu. Mtu hutafuta tiba mpya kwenye wiki mbaya, na mwezi mtulivu ungekuja hata bila tiba. Kuitenganisha punje na bahati kunahitaji makundi mawili ya wagonjwa, moja linalopewa punje na jingine sukari tupu, bila yeyote kujua nani kapewa nini. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia majaribio ya aina hiyo kwa magonjwa mengi na mwaka 2015 likasema halikupata ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathia inaufaa.

#14 Mama_Dawa_Asili
Ombi: msichanganye homeopathia na mitishamba. Naona watu wakisema "dawa za asili" kwa zote mbili. Mzizi uliochemshwa una kemikali zake, nyingi au kidogo, unaweza kusaidia na unaweza kuharibu ini au kugongana na dawa ya kifafa. Punje ya 200C ni kitu kingine kabisa.

#15 Dozi_Kamili
Naongezea kwa #14: si kila kichupa cha homeopathia ni sukari tupu. Tazama namba. 30C na 200C hakuna kitu ndani. Lakini matone ya dawa mama (maji ya mmea kabla ya kupunguzwa), au 1X na 2X (yaliyopunguzwa mara moja au mbili tu, moja kwa tisa), yana mmea wenyewe. Marekani, mwaka 2016 na 2017, mamlaka ya dawa ilionya wazazi kuhusu tembe za homeopathia za watoto wanaoota meno, baada ya ripoti za watoto kupata mitukutiko. Zilipopimwa, kiasi cha mmea wa belladonna kilipishana tembe kwa tembe na mara nyingine kilizidi kilichoandikwa. Mmea wenye sumu inayotukutisha ndio huohuo uliomo kwenye orodha ya dawa za kifafa za homeopathia. Cicuta nayo, ukiula mmea wenyewe, ni sumu kali inayotukutisha.

#16 Mhudumu_Nyalenda
Ahsanteni, ero kamano. Jana alipelekwa, fenobabito imerudishwa, na ameandikiwa picha ya kichwa pale hospitali ya Jaramogi. Majibu ya maswali yenu:

Ndiyo, mkono wa kulia hubaki mzito karibu saa nzima. Mwaka 2019 alianguka na bodaboda, akazimia kama nusu saa, akashonwa juu ya sikio la kushoto. Mama yake anasema akiwa na miaka mitatu alilazwa kwa malaria na akatukutika, ila hakumbuki kwa muda gani. Nyama ya nguruwe anakula, na boma walilokulia halikuwa na choo. Jumamosi hunywa busaa, mara nyingine chang'aa, na mara nne kati ya tano alianguka Jumapili jioni au Jumatatu.

#17 Kofia_Ngumu
Juu ya sikio la kushoto. Nilisema.

#18 BwanaMifugo_Busia
Na boma bila choo je, mkuu? Usifunge hesabu mapema.

#19 Jumatatu_Asubuhi
Mmeipita pombe haraka mno. Mnywaji wa kila siku anayeacha ghafla anaweza kutukutika kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, na Jumapili jioni hadi Jumatatu inaangukia humo kabisa. Ni kweli kwamba mtukutiko wa pombe kwa kawaida hushika mwili mzima tangu mwanzo, na huyu anaanzia gumba. Lakini pombe na kukosa usingizi vinaweza kuwa kiberiti huku kuni zikiwa kovu au lengelenge. Je, hunywa siku nyingine pia? Na Jumamosi hulala saa ngapi?

#20 Kipimo_Eldoret
Naongeza yaliyosahaulika: kipimo cha virusi vya ukimwi kifanywe, akikubali. Kinga ikishuka, kimelea cha toksoplazima huweza kuota uvimbe ubongoni, na kifua kikuu kinaweza kuacha vivimbe huko, vyote vikitoa picha kama hii. Sukari ya damu ipimwe pia.

Kwenye picha, malengelenge yaliyokufa huonekana kama nukta nyeupe ngumu, na CT (picha ya eksirei) huziona vizuri. Lililo hai huonekana kama kijifuko chenye nukta ndani, na hapo MRI (picha ya sumaku) hushinda. Onyo: asinunue dawa ya minyoo dukani "kwa tahadhari" kabla ya picha. Albendazo na prazikwanteli zikiua malengelenge ya ubongoni, uvimbe huibuka kuyazunguka, na unaweza kuleta mitukutiko mikali zaidi. Hospitalini hutolewa pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe, na macho huchunguzwa kwanza.

Na mkifika kwenye kipimo cha umeme wa ubongo: kikitoka safi hakiondoi kifafa. Hupima nusu saa hivi tu, na ubongo unaweza kukaa kimya nusu saa hiyo.

#21 Nyota_ya_Kakamega
Swali la pembeni. Msichana wa miaka 17 anaduwaa kwa sekunde kumi, mara nyingi kwa siku, na asubuhi mikono inamruka hadi kikombe kinaanguka. Alipewa kabamazepini, dawa ya kifafa, na hali ikazidi. Kwa nini?

#22 Dozi_Kamili
Kwa sababu kabamazepini ni nzuri kwa kifafa cha sehemu moja, kama cha jirani wa #1, lakini huchochea kile cha kuduwaa na cha kuruka kwa misuli. Aina mbili, dawa moja, matokeo kinyume. Arudishwe haraka, asiache mwenyewe. Sodiamu valproeti hukifaa kifafa hicho, ila kwa msichana wa umri huo ni hatari: takriban mtoto 1 kati ya 10 anayeikuta tumboni huzaliwa na kasoro, na wengi zaidi huchelewa kujifunza. Waulizie levetirasetamu au lamotrijini.

Kwa wote wa kanda ya ziwa: kabamazepini na fenitoini, nayo dawa ya kifafa, hupunguza nguvu ya dawa mseto ya malaria ya atemetha na lumefantrini, na ya vipandikizi vya uzazi wa mpango. Anayetumia dolutegravia, dawa ya virusi vya ukimwi, pamoja na kabamazepini huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Mwambieni mtoa dawa kila mnachomeza, punje zikiwemo.

#23 Soko_Kibuye
Kuhusu kijiko mdomoni akianguka?

#24 Mama_Dawa_Asili
Kijiko hapana, kidole hapana, kitunguu puani hapana, maji hapana. Ulimi haumezwi, kijiko huvunja jino, na jino huziba njia ya hewa. Sogeza jiko na mawe ya moto, weka kanga chini ya kichwa, legeza kola, acha atukutike bila kumkandamiza, kisha mlaze kwa ubavu mate yatoke. Tazama saa. Ikipita dakika tano, au akianza tena kabla ya kuzinduka, tafuta gari.

Na Mhudumu, mwambie asiendeshe boda, asiingie ziwani Dunga peke yake, na awashe jiko lililoinuliwa. Moto na maji huwadhuru wengi kuliko mtukutiko wenyewe.

#25 Punje_na_Tone (Nakuru)
Nimefuatilia tangu #13. Akiendelea na punje zake akiwa kwenye fenobabito, simwoni akidhurika. Na yeyote anayewashauri watu kuacha tembe, mleteni hapa nami nitamkanya.

#26 Hesabu_za_Maabara
Kwa hilo tuko pamoja nawe.

#27 Mhudumu_Nyalenda
Picha ni Alhamisi. Ameanguka tena jana usiku, siku ya katikati ya wiki, hajanywa tangu wiki jana. Mke wake amefanikiwa kurekodi kwa simu: sekunde 94. Gumba la kulia kwanza, kama kawaida.

#28 Kipimo_Eldoret
Ihifadhi, usiikate hata sekunde moja, na uende nayo Alhamisi. Kabla mwili mzima haujakakamaa, tazama kichwa na macho: viligeukia upande gani?

#29 Mhudumu_Nyalenda
Kulia. Vyote viwili.

#30 Kipimo_Eldoret
Iandike kwenye karatasi, pamoja na saa.